Urithi Usio na Fungu

Jioni, nipitapo Najma, hapa Doha, katika Suku Haraj wanakouza makabati na vitanda vilivyokwisha kutumika, hunijia suali ambalo mafakihi wetu, pamoja na uhodari wao katika ilimu ya mirathi, hawakuliwekea fungu: je, ushairi hurithiwa? Kabati huhama mkono hadi mkono vile vile lilivyo. Je, na ushairi ni vivyo hivyo? Mshairi Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946, alikulia katika jamaa ya tungo na ilimu, nduguye mmoja akiwa ni malenga Ahmad Nassir na mwengine Sheikh Abdilahi Nassir, mwanachuoni, hata ikawa wepesi kusema kwamba ushairi wake alipewa tu. Wepesi huo sikubaliani nao. Kwani alipofungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wake, Kenya: Twendapi?, akakaa miaka 3 gerezani, akiandika kwa siri juu ya karatasi za chooni mashairi yaliyokuja kuchapwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, hapakuwa na kaka wa kumsahihishia mizani. Mpaji ni Mwenyezi Mungu, na hilo silitilii shaka. Lakini kipaji naona ni amana, ambayo nyumba humtunzia mtoto kwa kumzoeza vina tangu udogoni, kisha akatakiwa kuitoa peke yake, katika saa asiyoichagua. Baadaye alisomesha Kiswahili huko Leipzig, Ujerumani, wanafunzi wasiokuwa na babu hata mmoja Mswahili, nao wakajifunza.