Usilinyweshe Isale Chai

Wajukuu zangu, siku hizi mmea ukinyong'onyea kidogo tu barazani, dawa zinafika kabla hamjautazama: maganda ya ndizi, majivu, chai iliyolala, maji ya kuoshea mchele. Ni vitu vya jikoni, ni vya bure, na kwa sababu ni vya bure mnavimimina bila kuuliza. Mimi nataka muulize kwanza unaumwa nini.

Tuanze na isale, maana halikosekani. Wameru na Wachagga hulipanda mipakani, na anayekwenda kuomba radhi hulishika mkononi. Hapa Levolosi, Arusha, viwanja vimebanana, kwa hiyo tunalipanda kwenye ndoo kando ya mlango. Baada ya muda ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia, mtu anasema lina njaa, analimwagia mbolea. Mara nyingi halina njaa. Tazama maji yake.

Meru ni mlima wa volkeno. Maji yanayopita kwenye miamba yake hubeba floraidi na magadi, ingawa chanzo hiki si sawa na kile. Floraidi ndiyo iliyotutia wengi wetu meno ya kahawia, na pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachoshughulika kuipunguza majini kwa mkaa wa mifupa. Isale linapokunywa, maji hutoka majanini kama mvuke, floraidi inabaki nyuma na kujilimbikiza nchani hadi inaunguza. Hali ni hiyo hiyo kwa ule mmea wa ndani wenye majani membamba ya mistari myeupe, unaoning'iniza watoto wake.

Sasa mtu analinywesha chai! Mchai ni miongoni mwa mimea inayonyonya floraidi kwa wingi na kuihifadhi majanini, kwa hiyo unaongeza kilekile kinachoumiza. Maji ya maharage yaliyopikwa kwa magadi ni mabaya zaidi. Majivu nayo yana potashi nzuri, lakini hupunguza uchachu wa udongo. Ukiwa tayari unamwagilia maji ya magadi, jani jipya litakuwa la njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Hapo madini ya chuma yamo kwenye udongo, ila mizizi haiwezi kuyachukua.

Dawa ya isale iko juu ya bati. Masika yanapoanza, Machi, acha mvua ya kwanza ioshe vumbi, kisha kinga pipa na ulifunike, mbu wasizaliane humo. Mimina maji hayo polepole kwenye ndoo mpaka yatoke chini kwa wingi, yasombe chumvi. Ule ukoko mweupe juu ya udongo ukwangue kwanza. Sehemu iliyoungua haitarudi kuwa kijani, ikate ukipenda. Mtajua limepona kwa kutazama majani yanayochipua katikati.

Kuhusu kunyauka kwenyewe, kidole ni kipimo kizuri. Kichomeke kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Pakiwa pakavu, mmea una kiu. Na kama udongo umekauka mno hadi maji yanapita pembeni na kutoka bila kulowesha, uweke mzima ndani ya beseni la maji mpaka viputo viishe. Pakiwa na unyevu na bado umelegea, usiongeze hata tone. Mizizi inakosa hewa na huenda imeanza kuoza. Juni na Julai, baridi inapotushika na ukungu ukauficha mlima, ndipo mnapoua mimea mingi kwa maji, kwa sababu mnamwagilia kama vile ni Februari. Mmea wa namna hiyo utoe kwenye ndoo, kata mizizi iliyolainika na kunuka, upande upya kwenye udongo uliochanganywa na mchanga wa mtoni na samadi iliyooza sawasawa. Na jamani, toboeni ndoo zenu chini. Ndoo isiyo na tundu haina dawa.

Maganda ya ndizi sikatai, ila yakatekate uyaoze kwenye mboji. Ukiyaloweka kwenye chupa sebuleni utafuga inzi. Maganda ya mayai yasage, ukijua kazi yake ni ya miezi. Vyote hivyo ni chakula, na mgonjwa wa mizizi halishwi kwa nguvu.

Wadudu ni habari nyingine. Vidukari na inzi weupe hukaa chini ya jani, kwa hiyo geuzeni majani. Kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji kinatosha. Jaribuni jani moja kwanza, mpulizie jioni, na msitumie sabuni ya unga, inaunguza. Utupa, ambao watafiti wa chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru wameuchunguza pamoja na mimea mingine ya kuulia wadudu, una nguvu kweli. Ndio ule ule wa kuvulia samaki kwa sumu, basi msioshee ndoo yake kwenye mto Themi wala Naura.

Kuna unyaukaji mmoja tu ambao nawaomba msiuhangaikie. Mnyanya ukilegea ghafla ungali kijani, udongo una unyevu, na jioni hausimami, kata shina karibu na mzizi, uning'inize kipande kwenye glasi ya maji safi. Mkiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, huo ni mnyauko wa bakteria. Majivu hayautibu, sabuni haiutibu. Ng'oeni mche na mizizi yake, msiutupe kwenye mboji, osheni jembe na viatu. Pale msirudishe nyanya, pilipili, ngogwe wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Pandeni mahindi au vitunguu.