Tochi ya Askari na Amri ya Tano

Baba mmoja wa familia, ambaye kazi yake ni kuendesha basi la abiria, alitujia ofisini majuzi akiwa na karatasi ya faini mkononi. Hakuja kuomba fedha. Alitaka kujua jambo moja tu: mwaka huu amekwisha kupigwa tochi mara tatu, na mara zote tatu faini imelipwa, je, baada ya kulipa, bado analo neno la kumwambia padre katika kitubio, au serikali na Mwenyezi Mungu wamekwisha kuridhika kwa pamoja? Tulicheka kidogo, naye akacheka. Lakini alipokwisha kuondoka tuliona kwamba swali lake latupasa sisi sote, kwa maana nyumba isiyo na dereva ina abiria, na isiyo na abiria ina mtoto avukaye barabara kwenda shule.

Kwa ajili ya wasomaji wasiosafiri sana, tochi ndilo jina ambalo madereva wetu wamekipa kile kifaa anachokishika askari wa usalama barabarani ili kupima mwendo wa gari lijalo. Hapa Tanzania jambo hili latawaliwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Mahali penye makazi ya watu gari lisizidi kilometa 50 kwa saa. Nje ya hapo mabasi na malori makubwa yasizidi kilometa 80. Avukaye mpaka huo na kukiri kosa hutozwa shilingi 30,000 bila kupelekwa mahakamani. Siku hizi deni huandikwa katika mitambo pamoja na namba ya gari, nalo hulipwa benki au kwa simu. Kwa mwenye mali kiasi hicho ni kidogo. Kwa dereva wa kuajiriwa ni madaftari na viatu vya mtoto wa shule, tena mara nyingi mwenye gari hukata fedha hiyo katika mshahara wake hata kama ndiye aliyemhimiza akimbize gari.

Sasa turudi kwenye swali. Wanateolojia wa zamani waliwahi kujadili kama zipo sheria za serikali ambazo hazifungi dhamiri, ila humlazimu mtu kuikubali adhabu tu akikamatwa. Wengine walisema zipo, wengine walikataa. Madereva wengi, pasipo kusoma kitabu hata kimoja cha teolojia, wameshika fikira hiyo: nimelipa, basi nimemaliza. Hatutaki kuingia katika ubishi huo wa wataalamu, kwa sababu hata wale waliosema kwamba sheria za namna hiyo zipo hawakuweza kuitia humo sheria inayolinda uhai wa watu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu, iliyotangazwa tarehe 7 Desemba 1965, uliwataja waziwazi watu wanaozidharau kanuni za uendeshaji wa magari, wasifikiri kwamba kwa uzembe huo wanahatarisha maisha yao na ya wenzao. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2290, yafundisha kwamba mtu ambaye kwa ulevi au kwa kupenda mno mwendo wa kasi ahatarisha usalama wa watu barabarani, baharini au angani, ajipatia hatia nzito. Fundisho hilo limewekwa chini ya Amri ya Tano, ile isemayo juu ya kuua. Halikuwekwa chini ya kodi.

Pengine msomaji atasema kwamba tunakuza jambo. Basi na tupige hesabu pamoja, kama watoto wa darasa la sita. Kijiji chenye urefu wa kilometa mbili kando ya barabara kuu, gari liendalo kwa kilometa 50 kwa saa hukipita kwa dakika mbili na sekunde 24. Liendalo kwa kilometa 80 hukipita kwa dakika moja na nusu. Tofauti ni sekunde 54. Haitoshi hata kusali fumbo moja la rozari. Na kwa ajili ya sekunde hizo dereva amenunua nini? Kwa mwendo wa 50 gari hukata karibu mita 14 katika kila sekunde, na kwa 80 hukata mita 22. Maana yake, katika ile sekunde moja ambayo jicho limeona mtoto na mguu haujafika kwenye breki, gari limekwisha kuzila mita nane za ziada. Tena nguvu ya pigo haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Na kutoka 50 kwenda 80 nguvu huwa zaidi ya mara mbili na nusu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani ulimwenguni, na kwamba hakuna kitu kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali hizo.

Hata hivyo malalamiko ya madereva si uongo mtupu, nasi hatutaki kuyapuuza. Wapo askari wanaojificha nyuma ya mti pale ambapo kibao cha mwendo kimeanguka au kimefunikwa na majani, na wapo wanaopenda mazungumzo ya pembeni kuliko kuandika karatasi. Askari walipomwendea Yohane Mbatizaji kule Yordani na kumwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasimnyang'anye mtu kitu wala kumsingizia, bali watosheke na mshahara wao. Neno hilo lasomwa katika Injili ya Mt. Luka, sura ya tatu, na askari Mkatoliki aweza kulibandika mahali atakapoliona kila asubuhi. Juu ya hela ya chai anayopewa askari huyo tumekwisha kuandika mara nyingi: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 yamshika mtoaji kama inavyomshika mpokeaji, na Kitabu cha Kutoka chasema kwamba hongo huwapofusha macho hata wenye kuona. Dereva alipaye shilingi elfu tano pembeni badala ya elfu thelathini hajaokoa kitu. Amejinunulia ruhusa ya kukimbia tena mbele ya safari, na abiria hamsini walio nyuma yake hawakuulizwa kama wakubali.

Lipo jambo jingine ambalo dereva wetu hakuliuliza, lakini sisi tumeliona mara nyingi tukiwa safarini. Magari yanapokutana, dereva atokaye upande wa askari huwasha taa zake mara mbili tatu ili kumwonya mwenziwe. Mwenziwe hupunguza mwendo, hupita mbele ya tochi kwa upole kama mtu atokaye kupokea Komunyo, kisha huunguruma tena mara tu askari akipotea katika kioo. Wengi husema huo ni upendo wa jirani. Tumelifikiri sana jambo hili. Kumwonya mtu kwamba mbele kuna ng'ombe barabarani, au gari lililoharibika, au watoto wanaotoka shule, ni upendo kweli, nasi twawasifu wafanyao hivyo. Bali kumwonya mwenye kukosa ili asikamatwe akikosa, hilo si jambo lile lile. Huenda karatasi ya shilingi 30,000 aliyookolewa nayo ndiyo ingempoza akili kabla hajafika kwenye kona ambayo hakuna askari wala taa. Twakiri kwamba wamo hata mapadre wanaowasha taa hizo, tena kwa moyo mwema kabisa. Twawaomba walifikirie upya.

Lakini neno zito zaidi twalihifadhi kwa wenye magari. Katika kitabu kile kile cha Kutoka, sura ya 21, iko sheria juu ya ng'ombe apigaye watu pembe. Ikiwa ng'ombe hakuwa na tabia hiyo, akaua ghafula, mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa tangu zamani alizoea kupiga pembe, na mwenyewe ameonywa asimfunge, kisha ng'ombe akaua, basi hatia yampanda mwenye ng'ombe. Ewe ndugu mwenye basi, karatasi za faini za gari lako ni maonyo hayo. Namba ni ya gari lako, na deni laonekana kwa yeyote atakayeitafuta namba hiyo. Ukiona gari moja limepigwa tochi mara tatu, nawe wasema tu, "Kateni kwenye mshahara wake," umeonywa na hukumfunga ng'ombe. Na kama ni wewe uliyelichelewesha gari kituoni kwa kungojea abiria wawili, kisha ukamwambia dereva afidie njiani, basi umemtoa ng'ombe zizini kwa mkono wako mwenyewe. Mahakama ya duniani pengine itamfunga dereva peke yake, kumnyang'anya leseni, na kuwaacha watoto wake bila chakula. Hukumu ile nyingine huangalia nani alishika kamba.

Abiria nao wasijifiche nyuma ya viti. Ni sisi tunaopiga kelele, "Ongeza, dereva, tumelala!" Ni sisi tunaolisifu gari lililoingia mjini kwanza na kulicheka lililofika la pili. Mama asafiriye na watoto anayo haki ya kusimama na kumwambia dereva kwa adabu apunguze mwendo, na Wakristu waliomo garini wana wajibu wa kumwunga mkono, badala ya kutazama dirishani kana kwamba hawakusikia. Twajua ya kuwa si rahisi. Aliyewahi kufanya hivyo ajua jinsi gari zima linavyomgeukia.

Na rozari ile inayoning'inia mbele ya kioo? Na picha ya Mtakatifu Kristofa? Ni vitu vizuri, navyo vimebarikiwa, wala hatuna neno juu yake. Lakini Shetani alipompandisha Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, akamshauri ajitupe kwa kuwa malaika watamdaka, Bwana alikataa kumjaribu Mungu. Adhaniaye kwamba rozari itamdakia gari lake kwa mwendo wa kilometa 120 amelikubali shauri lile ambalo Yesu Kristu alilikataa.

Yule baba alirudi wiki iliyofuata, tukampa jibu letu. Tulimwambia kwamba faini imelilipa deni la serikali, nalo limekwisha. Asiwe na hofu juu ya hilo. Juu ya kitubio, ajiulize jinsi ilivyokuwa. Kama mara moja kati ya hizo tatu alipitiwa tu, akateremka mlima bila kuangalia saa ya mwendo, hilo ni kosa la kibinadamu, nalo litamfundisha uangalifu. Kama alijua, akaona watu kandokando, akaendelea kukanyaga mafuta, basi amwambie padre kwa maneno mafupi, kama anavyosema makosa mengine, wala asiseme "nilipigwa tochi" bali "nilihatarisha watu". Pia tulimshauri asiifiche ile karatasi mkewe na watoto wasiione. Kijana wake wa kwanza ana miaka kumi na saba na amekwisha kuanza kuendesha pikipiki ya mjomba wake. Afadhali ajifunze mezani kwa baba kuliko kwa mtu mwingine.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba mara mbili alijua.

Alituuliza pia kama ni halali amwombe tajiri wake gari litoke kwa saa iliyoandikwa, abiria wawe wamejaa au hawakujaa, hata kama kwa ombi hilo aweza kupoteza kazi. Tulimwambia ni halali, tena ni vema, na tukajitolea kumwandikia barua ya kumsindikiza. Barua hiyo tumeiandika, naye ameichukua. Jibu la tajiri bado hatujalisikia.