Rutuba ya Shamba ni Mali ya Nani?

Mkristo mwenye shamba, akilivuna mwaka kwa mwaka wala asilirudishie kitu, je, amemkosa mtu? Wengine watajibu upesi: Hakumkosa mtu, maana shamba ni lake, na udongo hauna kinywa cha kushtaki. Walakini neno hili lastahili kupimwa, hasa na sisi tunaowafundisha watoto amri ya saba.

Kwanza na tujue rutuba ni nini. Mmea huishi kwa hewa, maji na nuru ya jua. Tena kwa mizizi yake huvuta vyakula vingine katika udongo, na vilivyo vikuu ni vitatu: naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Naitrojeni imejaa hewani, lakini mmea peke yake hauwezi kuitwaa huko. Maharage, kunde na jamii yao husaidiwa na vijidudu vikaavyo katika vifundo vya mizizi yao. Habari hii ilidhihirishwa na Hellriegel, mtaalamu wa Ujerumani, mwaka 1886. Lakini fosforasi na potasiamu hazimo hewani. Hutoka katika mawe yaozayo polepole mno, na zikiisha kuondoka shambani pamoja na mkungu wa ndizi au gunia la kahawa, hazirudi zenyewe. Kwa hiyo mtu akiona shamba nono, na aulize: unono huu umetoka wapi?

Nitatwaa mfano wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, nchi ambayo wasomaji wengi waijua. Huko kuna kibanja, ndilo shamba la nyumbani lenye migomba, mibuni, na maharage chini yake. Tena kuna rweya, ndiyo mbuga ya nyasi iliyo wazi kati ya vijiji. Mgeni apitaye husema, Tazama, Mungu amewapa watu hawa udongo mzuri nyumbani na udongo mbaya mbugani. Sivyo. Udongo wa kibanja umetengenezwa kwa mikono ya watu. Ng'ombe walishinda rweya wakila, wakalala nyumbani, na samadi yao ikawekwa katika mashina ya migomba. Nyasi zilikatwa rweya, zikatandikwa nyumbani na shambani, zikaoza humo. Hivyo kwa vizazi vingi rutuba ya mbuga ilihamia kibanja kwa kwato za ng'ombe na kwa vichwa vya wachukuzi wa nyasi, wala mbuga haikurudishiwa kitu. Hata sotoka ilipoingia katika miaka ya 1890 na ng'ombe wengi mno kufa, migomba nayo ilipungukiwa chakula chake.

Ng'ombe haumbi rutuba. Huikusanya tu. Na hapo ndipo penye neno la dhamiri, maana rweya ilikuwa malisho ya wote. Mwenye ng'ombe ishirini alivuta humo fungu kubwa kuliko mjane mwenye mundu tu. Hakuna aliyevunja ua, wala aliyeiba usiku. Walakini mmoja alinenepesha shamba lake kwa kitu kilichokuwa cha wengi. Siku hizi mahali pengi mbuga zimegawanywa na kupandwa miti ya mbao, na yule mwenye mundu hana budi kwenda mbali zaidi. Luther katika Katekisimo Ndogo, akiieleza amri ya saba, hakuishia kwa mwivi aingiaye nyumbani mwa watu. Alitaka pia tumsaidie jirani kuitunza mali yake na kuistawisha. Nami nasema nyasi za mbuga ni mali ya jirani.

Tusidhani kwamba haya ni ya Buhaya tu. Liebig, Mjerumani aliyetoa kitabu chake cha kemia na kilimo mwaka 1840, aliita kilimo kisichorudisha kitu unyang'anyi. Aliishtaki Uingereza kwamba ilifukua hata mifupa katika viwanja vya vita vya Leipzig na Waterloo, ipate fosforasi ya mashamba yake. Mataifa makubwa nayo yalikuwa na rweya yao.

Yuko mwalimu atakayesema: Mungu ndiye akuzaye, kwa nini tujisumbue? Kweli, ndivyo alivyoandika Paulo. Lakini yule mtunza shamba katika Luka 13 aliomba mwaka mmoja apate kuupalilia mtini na kuutilia samadi. Bwana mwenyewe aliitaja samadi, nasi twaona haya kuitaja mimbarini!

Wengine nao huhubiri kwamba mbolea ya chumvichumvi, ile inunuliwayo dukani, ni sumu na dhambi. Sikubaliani nao. Mzizi hautambui kama naitrojeni yake imetoka zizini au kiwandani. Kule Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, huchimbwa mawe ya fosforasi ambayo asili yake ni mavi na mifupa ya ndege na ya samaki wa zamani sana. Nani atasema zawadi hiyo ni haramu? Lakini mbolea ya dukani haileti mboji, na nyingine zenye naitrojeni huutia udongo ukali zikitumika miaka mingi peke yake. Aitumie pamoja na samadi na takataka za shamba, naye atafanya vema.

Shida iliyo kubwa ni ya maskini. Auzaye kila mkungu ili mtoto apate daftari, na kuchoma mabua kwa kuwa hana kuni, analidhoofisha shamba ambalo mtoto yuleyule atalirithi. Je, tumwite mnyang'anyi? Mimi siwezi. Anakula shamba kwa sababu bei aliyopewa haikuacha kitu cha kununulia samadi, nasi tulionunua ndizi zake tulifurahia urahisi wake. Sehemu ya deni lake iko mezani petu. Hata sadaka ya mavuno, inapopigwa mnada nje ya kanisa, imetoka na chakula cha udongo wa mtu, na mara nyingi wa yule aliye na kidogo.

Iko desturi njema ya kumkopesha mtu mtamba, naye hulipa ndama jike kwa mwingine asiye na kitu. Naisifu. Lakini ng'ombe huyo atakula nyasi za wapi? Akilishwa rweya, twamnenepesha maskini mmoja kwa fungu la maskini mwenzake. Basi mkopaji na apande kwanza majani ya tembo na lusina kingoni mwa kibanja chake, ndipo apewe mtamba. Na mzee wa usharika aandikaye majina aende akayatazame majani hayo kwa macho yake, kabla ya kutia jina katika daftari.