Machozi ya Nabii Yaakub

Shangazi yangu alinusurika katika ajali ya MV Spice Islander, meli iliyozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, ikielekea Pemba. Alielea juu ya godoro hadi alfajiri. Mwanawe hakuonekana tena. Mpaka leo, upepo wa kusi ukivuma na mabati yakaanza kugonga, huamka akaushika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

Watu wema humwambia, “Subiri, dada yangu, ni kadari ya Mungu.” Kadari naiamini. Lakini mara nyingi ndani ya nasaha hiyo mna amri ya kunyamaza, na hapo sikubaliani nao hata kidogo. Nabii Yaakub, alipompoteza mwanawe Yusuf, alichagua subira njema, na sura hiyo hiyo ya Qurani inayosimulia hayo, sura ya Yusuf, inatueleza kwamba macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni. Wanawe walimlaumu kwa kuwa haachi kumtaja Yusuf. Yeye alimshitakia Mungu majonzi yake. Mtume wetu naye alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya masahaba. Nani basi aliyetufundisha kwamba machozi ni upungufu wa imani?

Shangazi namwona ana nafuu akiwa barazani na mama mwingine aliyefiwa usiku ule, wakisuka ukili, akilitaja jina la mtoto bila kukatizwa. Wengine huhitaji daktari wa afya ya akili, na kumwendea si kuikana kadari.

Boti bado hapandi. Hatumlazimishi.