Chanzo cha Ioni na Swali la Ukweli

Spektrometa ya masi haioni molekuli isiyo na chaji. Inachopima ni ioni, nazo, katika aina inayojadiliwa hapa, hutengenezwa ndani ya mashine yenyewe, katika chumba kidogo chenye ombwe kiitwacho chanzo cha ioni. Humo waya mwembamba hupashwa moto hadi utoe elektroni, ambazo kwa nishati ya elektronivolti 70 huzigonga molekuli za mvuke, kuzigeuza kuwa ioni na kuzivunjavunja. Je, vipande hivyo vinaeleza dutu ilivyokuwa kabla ya kupimwa, au vinaeleza kipimo chenyewe?

Swali huzidi uzito fundi anapokiandaa chanzo. Huingiza dutu inayojulikana, mara nyingi PFTBA, kisha hubadilisha volti za bamba linalosukuma ioni na za lenzi zinazozikusanya, mpaka vilele vya grafu kwenye masi 69, 219 na 502 vikae sawa. Chombo huhesabiwa kizuri kwa kuwa kimetoa jibu lililotarajiwa, na jibu huaminiwa kwa kuwa limetoka kwenye chombo kizuri. Mwanasosholojia Mwingereza Harry Collins aliujadili mzunguko wa namna hii mwaka 1985, akichunguza utafutaji wa mawimbi ya mvutano.

Hoja yake ina nguvu, lakini hapa mzunguko una mlango. Kipande cha 69 kina kaboni 1 na florini 3. Florini ya asili ina isotopi moja tu, ilhali takriban asilimia 1.1 ya kaboni ni kaboni-13. Kwa hiyo kwenye 70 lazima kiwepo kilele kidogo, takriban asilimia 1.1 ya jirani yake. Kipande cha 219 kina kaboni 4, na kilele cha 220 hukaribia asilimia 4.3. Volti za chanzo zikipandishwa au kushushwa, majirani hao hupanda na kushuka pamoja. Uwiano huo hautoki mkononi mwa fundi.

Namba 70 ya elektronivolti ni jambo jingine: hiyo ni makubaliano. Karibu na hapo wingi wa ioni hautikiswi sana na badiliko dogo la nishati, na maabara zikitumia namba moja zinaweza kulinganisha matokeo. Nishati ikishushwa hadi 15, molekuli ileile huvunjika kidogo mno. Wapo wanaohitimisha kwamba basi ukweli wa maabara ni mapatano matupu. Wanaruka hatua. Mapatano huchagua swali la kuiuliza dutu, na jibu hubaki la dutu: hakuna kikao kitakachoamua kafeini itoe vipande vya kokeini.

Penye hatari kubwa zaidi ni kwenye ukimya. Dutu isiyogeuka mvuke haizifikii elektroni kamwe. Protini zilihitaji vyanzo vya aina nyingine, kama ule wa kunyunyiza kimiminika kwa umeme, uliompatia John Fenn sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2002. Ripoti inayoandika “haipo” pale kilele kinapokosekana inadai zaidi ya kilichopimwa.