Tangi la Upepo na Dhamana ya Mwenye Gereji

Kompresa kuukuu huchakaa mahali pasipoonekana. Hewa inaposhindiliwa, unyevu wake hugeuka maji na kutuama chini ya tangi. Koki ya chini isipofunguliwa kila jioni, kutu hula chuma kutoka ndani huku rangi ya nje iking'aa. Tangi la lita 100 lenye hewa ya bar 8 limebeba nguvu inayokaribia ile ya kuinua gari la tani moja kimo cha mita 10, na likipasuka, nguvu hiyo hutoka kwa mkupuo.

Likimuua kijana wa kazi katika gereji ya Igoma au Nyakato, Mwanza, ni kudra ya Mungu au ni kosa la mtu? Misibani husemwa kuwa ajali haina kinga. Msemo huo una haki yake mdomoni mwa wafiwa. Mwenye mtambo hana haki ya kuukimbilia. Katika mapokeo ya Kiislamu, Mtume alimwelekeza mtu amfunge kwanza ngamia wake, ndipo amtegemee Mungu. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinalichambua jambo hilo zaidi: ng'ombe dume akimuua mtu kwa pembe, mwenyewe hana hatia, ila kama alikwisha kuonywa juu ya tabia ya mnyama huyo na hakumzuia. Usukumani, nchi ya wafugaji, hoja hiyo haihitaji mfafanuzi.

Na asiyeonywa je? Aristotle alishikilia kwamba kutojua kunakotokana na uzembe hakumwondolei mtu lawama. Mwanza ina kumbukumbu chungu ya nguvu ya hewa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka, ikaelea kwa hewa iliyonaswa ndani yake. Tundu lilipokatwa ili kuwaokoa waliokwama, hewa ilitoka na meli ikazama. Waokoaji wale walisukumwa na huruma, na muda ulikuwa unawakimbia. Mwenye gereji, tofauti nao, ana kila siku ya kazi kujua hali ya tangi lake. Akiacha kulipima, amechagua kutojua.

Kipimo chenyewe hufanywa kwa maji, chini ya macho ya mkaguzi. Tangi hujazwa mpaka hewa yote itoke, kisha presha hupandishwa kwa pampu ya mkono, kwa kawaida hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi. Maji hayashindiliki kama hewa, hivyo tangi bovu kwa kawaida litavuja tu. Kulipima kwa upepo ni kuweka rehani roho za waliosimama karibu. Vali ya usalama ivutwe ili ionekane ikipuliza na kujifunga, swichi ya presha izime mota yenyewe, mshale wa geji urudi sifuri, mkanda uwe na kikinga chake. Kuziba kwa bolti vali ya usalama inayovuja ni kosa zito kuliko uzembe wote, kwa kuwa mkono unaoziba unajua unachokifanya.

Tangi lililopita kipimo bado laweza kupasuka. Hapo ndipo kudra hutajwa kwa haki. Lililoshindwa halichomelewi kiraka wala haliuzwi kwa fundi wa Sengerema asiyejua habari zake. Hukatwa vipande.