Ufa Usioonekana

Sisi tuliosomea uhandisi ughaibuni tuna kisa ambacho hatukisahau kila tunapovuka mto Ohio. Jioni ya tarehe 15 Desemba 1967, Silver Bridge, daraja lililounganisha Ohio na West Virginia, lilianguka likiwa limejaa magari. Watu 46 walikufa. Wachunguzi waligundua kuwa chanzo kilikuwa ufa wa kina cha milimita 2.5 hivi katika kiungo kimoja cha chuma. Daraja lilikuwa limesimama tangu 1928, na kila aliyepita juu yake aliliona zima. Baada ya msiba huo serikali iliweka utaratibu wa kukagua madaraja nchi nzima, kwa kawaida kila baada ya miaka 2. Hakuna mhandisi anayeliambia daraja, "Jikaze."

Lakini binadamu wenzetu tunawaambia hivyo. Katika miji ya Louisville, Columbus na Buffalo wanaishi ndugu zetu wengi kutoka Kongo, Burundi na Somalia, baadhi yao baada ya miaka mingi katika kambi za Nyarugusu, Dadaab au Nakivale. Wanafanya kazi za usiku, wanalipa kodi ya nyumba, nasi tunasema, "Yule ameshazoea." Je, ni haki kumsifu mtu kwa uvumilivu, ilhali ukimya wake unatupumzisha sisi kuliko yeye?

Wapo wanaosema kwamba kwetu matanga na wazee vilitosha. Ni kweli, vilibeba mengi. Lakini wazee hao wametawanyika au wamekufa, na yako mambo, kama ubakaji wa vitani, ambayo hata wazee waliyafunika kwa jina la heshima.

Wengine husema kumwona mshauri nasaha ni mambo ya Wazungu. Basi tuitazame Nakivale, Uganda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulieleza jinsi wakimbizi wa kawaida walivyofunzwa kuwasaidia wakimbizi wenzao, Wanyarwanda na Wasomali, waliosumbuliwa na kiwewe. Waliosaidiwa walipata nafuu kuliko wale ambao hali zao zilifuatiliwa tu. Katika mojawapo ya njia zilizotumika, mtu husimulia maisha yake tangu kuzaliwa. Mara nyingi hutandazwa kamba sakafuni, maua yakawa furaha na mawe yakawa mateso. Hapo mtu huona kuwa jiwe lina mahali pake, na kamba inaendelea.

Hofu iliyo kubwa zaidi ni ya siri kuvuja. Mkalimani huenda akawa jirani unayesali naye. Na mara nyingine ni mwanao. Tulipata kumsindikiza mama mmoja kliniki. Hakukuwa na mkalimani, akaitwa mwanawe wa miaka 12. Daktari aliuliza kwa nini halali usiku. Mama alimtazama mtoto, kisha akasema, "Mwambie mgongo unaniuma." Akapewa dawa ya mgongo. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Lakini ni mama gani atakayejifunua mbele ya mwanawe? Kanuni za afya za nchi hii zinakataza mtoto kutumiwa kama mkalimani isipokuwa kwa dharura. Tudai mkalimani mtu mzima, hata kwa simu, kutoka mji mwingine.

Hatusemi watu walazimishwe kusimulia, la hasha. Daktari Judith Herman wa Marekani aliandika mwaka 1992 kuwa hatua ya kwanza ya kupona ni usalama. Kukumbuka na kuomboleza hufuata. Nasi wahandisi hatugusi nguzo mbovu kabla ya kuweka mihimili ya kushikilia paa. Nyumba yenye kodi iliyolipwa, mshauri atunzaye siri, jirani asiyeuliza kwa umbea: hiyo ndiyo mihimili.

Tukimwona mwenzetu amesimama, tusiharakishe kusema amepona. Tumuulize analalaje usiku, na tuwe na muda wa kusikia jibu.